Sura ya Tisa: Umbali wa Fort Worth

Treni iliiacha Hamburg saa tatu kasorobo asubuhi, polepole, kama mtu anayetoka chumbani hataki kumwamsha mgonjwa. Nahla hakuhisi hata ilipoanza kwenda. Aliona tu nguzo za stesheni zinarudi nyuma, zikafuata ghala, ukafuata mto, kisha mashamba ya ngano iliyokwisha kuvunwa, yamebaki na rangi ya mkate. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Kioo kilikuwa cha moto.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka elfu mbili na tatu, na Ujerumani nzima ilikuwa ikiungua. Watu walijipepea kwa magazeti, wanawake wazee wamevua viatu. Baba yake Nahla, Mzee Ahmada, peke yake ndiye aliyefurahi.

"Hili joto la Houston lenyewe," alisema. "Tumelifunga masandukuni tukaja nalo."

Mama yake, Bi Mwatime, hakucheka. Alikaa wima, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Ilikuwa siku ya saba ya safari. Walishuka Frankfurt, wakapanda treni hadi Köln, wakatoka Köln hadi Hamburg kwa Shangazi Hadiya, dada wa Mzee Ahmada. Na sasa, kutoka Hamburg, walikuwa wanne. Wa nne ni Abdulhafidh, mtoto wa shangazi, mhandisi mwenye miaka thelathini na moja, mrefu, mpole wa sauti, ambaye alisema anawasindikiza hadi Berlin kwa kuwa ana likizo. Stesheni alinunua mfuko mzima wa cheri, akamkabidhi Nahla.

Nahla alizila cheri zile moja moja, na kila moja aliila akiwa Texas.

Macho yalitazama ng'ombe wa Kijerumani waliolala kivulini, lakini moyo ulikuwa kwenye maegesho ya magari ya hospitali anakofanya kazi, Houston, jioni ile ya mwisho. Zaid alikuwa amesimama kando ya gari lake, mikono bado ina harufu ya sabuni ya gereji. Zaid ni fundi wa ndege, mtu wa Mombasa, anakaa Fort Worth. Mwezi uliotangulia alikuja nyumbani kwao Nahla, Pearland, nje kidogo ya Houston, na ami yake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, kumposa. Wazee wakasema, "Tutafikiri." Wiki mbili baadaye tiketi za Ujerumani zikawa mezani. Na sharti moja: siku kumi na mbili, hakuna simu kwa Zaid.

"Watii," Zaid alimwambia jioni ile. "Enda ukatembee. Ukirudi hukubadilika, n'tajua. Ukirudi umebadilika, n'tajua vilevile."

"Utajuaje?"

"Nikikuona unavyoteremka kwenye gari."

Hakumgusa hata mkono. Alimtazama tu, na mtazamo ule Nahla aliubeba juu ya bahari kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja, akiogopa hata kupiga chafya.

"Ahmada, twende tukanywe chai," Bi Mwatime alisema ghafla.

"Chai? Na joto hili?"

"Chai, Ahmada."

Mzee Ahmada akamtazama mkewe, akamtazama Abdulhafidh, akaelewa, akainuka. Wakaondoka kuelekea behewa la chakula, wakishikilia viti kushoto na kulia.

Abdulhafidh alingoja mlango wa kioo ujifunge.

"Nahla, mimi si mtoto," alisema. "Na wewe si mtoto. Unajua kwa nini nimo kwenye treni hii?"

"Ulisema una likizo."

"Likizo nimeomba juzi. Mama yangu na mama yako wamekuwa wakipigiana simu tangu mwezi wa Mei." Akatabasamu kidogo. "Mwezi wa Januari nahamia Houston. Nimepata kazi kwenye kampuni ya mafuta. Mkaza mjomba, mama yako, ameshanitafutia mpaka nyumba, huko Katy. Kanambia kutoka Katy hadi Pearland ni dakika arubaini, kazipima mwenyewe."

Nahla aliirudisha cheri mfukoni. Kumbe ndiyo maana. Makanisa marefu ya Köln, mashua za Hamburg, yote ilikuwa njia ya kumfikisha kwenye kiti hiki.

"Mimi sikuambiwa," alisema.

"Nilidhani hivyo. Ndiyo nasema mwenyewe, usije ukasemewa. Wewe umenipendeza. Sisemi kwa sababu mama kaniagiza. Siku ile ya kwanza, ulipokaa jikoni kwetu ukamsomea mama dawa zake moja moja, ipi kabla ya chakula na ipi baada, na akisahau unarudia bila ya kukasirika, nilisimama mlangoni nikajisemea, huyu angenifaa. Sasa nambie na wewe. Kweli tupu."

Nje ilipita stesheni ndogo yenye maua dirishani, ikapotea kabla haijasomeka jina. Ingekuwa rahisi kama Abdulhafidh angekuwa mtu mbaya, mwenye majivuno, mwenye kunuka sigara. Lakini alikuwa mtu mwema.

"Yuko mtu," alisema. "Kaja kwetu kuposa, kwa heshima zote. Anaitwa Zaid."

"Huyo ndiye mama yako kamwambia mama yangu kwamba alikwisha kuoa akaacha?"

"Ndiye."

"Naweza kukuuliza? Ana nini? Siulizi kwa kumdharau. Nataka kujua tu."

Nahla alifikiri. Maneno makubwa yote yalimjia, akayaacha yapite.

"Nilifeli mtihani wa leseni ya ufamasia mara ya kwanza," alisema. "Kila mtu alinambia si neno, si neno. Yeye aliendesha gari kutoka Fort Worth, akanikuta maktaba ya mjini, akafungua kitabu akanihoji maswali tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Yeye ni mtu wa mabawa ya ndege, hajui jina hata moja la dawa. Anayatamka kama anayapigia mbizi. Nilicheka mpaka tukafukuzwa. Mara ya pili nilifaulu, na kwenye mtihani kila jina nililisikia kwa sauti yake."

Abdulhafidh akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu.

"Basi nimeshindwa na mtu asiyejua kutamka dawa," alisema. "Sina la kusema. Mimi ningekununulia kitabu kipya."

"Nisamehe, Abdulhafidh."

"Hukunikosea. Lete cheri."

Wakala cheri wote wawili, na nchi ya Wajerumani ikapita.

Berlin ilimpita Nahla kama ndoto ya mchana. Siku mbili walitembea chini ya miti mirefu inayonuka asali, wakapanda treni za juu zinazopita madirishani mwa watu, na katika kila mwanamume mwenye mabega mapana aliyegeuka ghafla, Nahla alimwona Zaid kwa nukta moja. Mara moja aliingia kwenye kibanda cha simu. Akainua chombo, akabonyeza namba za kuitoka Ujerumani, akabonyeza za kuingia Marekani, kidole kikasimama juu ya namba ya kwanza ya Fort Worth. Akalikumbuka lile neno "Watii." Akarudisha chombo mahali pake, akatoka, kashika uso.

Asubuhi ya kwenda Leipzig, Abdulhafidh aliwasindikiza hadi kwenye behewa. Alimbusu Mzee Ahmada mkono, kisha akasimama mbele ya Bi Mwatime.

"Mkaza mjomba, tumezungumza mimi na Nahla. Hatukuafikiana. Nakuomba usimlaumu, kanijibu kwa adabu kuliko nilivyostahili."

Bi Mwatime alimpa mkono, akaingia ndani, akakaa. Kwa saa mbili kutoka Berlin hadi Leipzig hakusema neno. Mzee Ahmada ndiye aliyesema kwa wote watatu. Leipzig ndipo aliposomea uchapaji ujanani, na kila mnara uliotokeza aliunyooshea kidole kama jamaa yake.

"Hapo nilipoteza kofia! Hapo, Mwatime, unakumbuka? Tulinunua viazi tukagundua ni vya kulishia nguruwe!"

Bi Mwatime alitazama nje, midomo imebana.

Stesheni ya Leipzig ni kubwa mno, matao juu ya matao, na mwanga unaingia kutoka juu ukiwa na vumbi la dhahabu. Walipofika chini ya tao la kwanza, Bi Mwatime aliona benchi, akakaa.

"Mimi sendi," alisema.

"Huendi wapi?" Mzee Ahmada aliuliza. "Teksi zipo nje. Tukaone bweni letu la zamani."

"Nenda wewe kaone. Mimi nitakukuta hapa hapa."

Mzee Ahmada alisimama na masanduku yake mawili. Furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo, kama rangi inayofuliwa.

"Bado, Mwatime?" alisema taratibu. "Miaka thelathini na miwili. Nilidhani imepoa. Nilidhani nakuletea zawadi."

"Nenda, Ahmada. Sijakasirika. Nenda."

Akaenda, akigeuka nyuma mara mbili. Nahla akakaa kando ya mama yake. Hasira aliyotoka nayo kwenye treni ya Hamburg ilikuwa imemjaa, ikamwagika.

"Mama, umenileta nchi nzima hii kuniuza?"

"Sikukuuza. Nimekutafutia mtu mzuri."

"Ninaye mtu mzuri! Kosa lake nini? Kuacha mke? Wangapi wameacha wake?"

"Kuacha mke!" Bi Mwatime alicheka kwa pua. "Baba yangu mimi kaacha wake watatu, Mungu amrehemu, na hakukuwa na mtu mwema kama yeye mtaani."

"Basi nini, Mama? Nambie nijue."

Mama aliuzungusha mkoba mapajani. Treni iliingia, watu wakamwagika, wakapita, pakawa kimya tena.

"Nililetwa hapa nina miaka kumi na tisa," alisema. "Bibi harusi. Nilimwacha mama yangu Unguja, mzima, ananidai shali la sufu. Mwezi wa Februari baba yako alikuwa Dresden kwa mazoezi ya kazi. Siku ya kurudi nikaja kumpokea. Hapa. Benchi lilikuwa la mbao, lakini ni hapa. Nilikuwa na barua kutoka nyumbani, sikuifungua makusudi, nilitaka tuisome pamoja tufurahi." Akaufungua mkoba, akaufunga. "Tukaifungua. Mama alikuwa keshazikwa. Siku kumi na tisa zimepita."

"Mama..."

"Siku kumi na tisa, Nahla. Nimekula, nimecheka, nimesuka nywele. Jumapili nimekwenda kuona watu wanateleza kwenye barafu nikapiga makofi. Na mama yangu yuko chini ya udongo, na mimi sijui."

Machozi yalikuwa yakimshuka, hakuyafuta. Nahla hakuwahi kumwona mama yake akilia mbele za watu. Akamshika mkono, ulikuwa baridi katika joto lile lote.

"Wewe ndiye mtoto wangu wa pekee," mama akaendelea. "Huyo Zaid sina neno naye. Kanzu yake safi, maneno yake safi. Mimi naikataa Fort Worth."

Nahla alitaka kulia na akataka kucheka, vyote vikaja pamoja. "Mama, Fort Worth ni saa nne na nusu tu kwa gari."

"Na barua walisema hufika kwa siku nne tu."

Nahla akakilaza kichwa cha mama yake begani mwake. Walikaa hivyo, mama na binti, na treni zikaingia na kutoka, za Dresden, za Nürnberg, za miji ambayo hawakuijua, mpaka Mzee Ahmada aliporudi. Hakuwa amefika bwenini. Alikuwa ameishia mlangoni mwa stesheni, akanunua chupa tatu za maji, akasimama huko, akikosa namna ya kurudi. Akakaa upande wa pili wa mkewe.

"Ningejua, tungekwenda Paris," alisema.

"Ungepotea Paris," Bi Mwatime akamjibu, akachukua maji.

Siku ya mwisho, kwenye kiwanja cha ndege cha Frankfurt, Bi Mwatime alisimama mbele ya simu za ukutani, akamgeukia bintiye.

"Ndege yetu inashuka wapi kwanza?"

"Dallas, Mama, jirani na Fort Worth. Tutateremka na mizigo, kisha tupande nyingine ya Houston."

"Hiyo nyingine siipandi. Mpigie huyo kijana. Mwambie aje na gari. Nataka niipime njia yake mwenyewe."

Nahla alibonyeza namba. Iliita mara moja.

"Hello?"

Siku kumi na mbili. Sauti ilimjaa sikioni kama maji ya uvuguvugu, akashindwa kusema.

"Nahla?" Zaid alisema. "Nahla, ni wewe?"

"Ni mimi. Mama anauliza kama unaweza kutupeleka Houston."

"Mama nani?"

"Mama yangu, Zaid. Ana mama gani mwingine mtu?"

Alifika Dallas kabla yao. Walipotoka kwenye mlango wa forodha, Zaid alikuwa amesimama na shati la bluu lililopigwa pasi, macho hayakutafuta, yalimwona Nahla moja kwa moja. Alimtazama anavyotembea, akaangalia chini, na Nahla akaona kifua chake kinashuka, kama mtu aliyepewa ruhusa ya kupumua.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mimi nakaa mbele," Bi Mwatime alisema.

Waliondoka saa tisa za alasiri. Barabara ya Houston ilinyooka mbele yao, nyeupe, na malori yakiyeyuka mbali kama yako majini. Nahla alikaa nyuma na baba yake. Kwenye kioo cha dereva aliyaona macho ya Zaid, mstari mwembamba tu, na ule mstari ulimtosha.

"Hapa wapi?" Bi Mwatime aliuliza.

"Corsicana, Mama. Tumekwenda saa moja na kidogo."

"Hebu nikuulize. Unapigiwa simu, mama mkwe wako anaumwa. Utafanya nini?"

"N'tatia mafuta, n'mlete Nahla."

"Na gari likiwa bovu?"

"Mimi ni fundi, Mama."

"Na ukiwa umetoka kazini, huwezi kufungua macho?"

"Ataendesha yeye, n'talala nyuma."

"Na mkiwa mmegombana? Hamsemezani?"

Zaid alifikiri maili nzima. "N'tamleta vivyo hivyo, Mama. Tutagombana njiani."

Mzee Ahmada akaangua kicheko. Bi Mwatime aligeuza uso dirishani, lakini Nahla aliliona shavu lake likicheza.

"Na yule wa kwanza," mama aliuliza, na sauti ilishuka, "ulimwacha kwa nini?"

Mikono ya Zaid ikakaza usukani. Hilo hata Nahla hakuwahi kuambiwa lote.

"Alikuwa akilia, Mama. Kila siku. Hakupenda huku ugenini. Akimtaka mamake, Mombasa. Miaka miwili nilimwambia atazoea. Siku moja nimerudi kazini nikamkuta kakaa sakafuni na simu, kadi imekwisha, na yeye bado ameishika sikioni." Akalipita lori. "Nikaona sina haki. N'kamkatia tiketi. Baadaye akataka talaka, nikampa. Ameolewa kwao, ana watoto. Yuko karibu na mamake."

Bi Mwatime alimtazama yule kijana kwa upande, kwa muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza ameingia.

Walisimama kuswali kwenye nyasi za pembeni ya njia, chini ya misonobari, wakaendelea. Jua lililala upande wa kulia. Usingizi wa safari ukamchukua Bi Mwatime, kichwa kikaegemea mkanda, mkoba ukamteleza mapajani ukaanguka miguuni, asiuokote. Zaid alipunguza sauti ya kipoza hewa. Nahla aliyatazama macho yale kwenye kioo, nayo yakamtazama, na misitu ya Huntsville ikapita, na kwa saa ile yote hawakuhitaji neno.

Magari yalipoanza kuwa mengi, Bi Mwatime alizindukana.

"Tumefika wapi?"

"Houston, Mama. Bado nusu saa Pearland."

"Mara hii?" Akakaa sawa, akafuta midomo kwa mtandio. "Umekwenda mbio."

"Maili sabini, Mama. Haikuzidi."

"Hm," alisema Bi Mwatime. Akatazama majumba marefu ya mjini mpaka yakaisha.

Nyumbani, jua lilikuwa linazama nyuma ya paa za jirani. Zaid aliteremsha masanduku yote, akayapanga barazani, akakataa chakula kwa adabu. Angelala mtaa wa Gulfton, humo humo Houston, kwa ami yake, asubuhi arudi Fort Worth, zamu yake inaanza alasiri. Nahla alisimama mlangoni. Hakujua kama anaagana naye kwa siku moja au kwa maisha.

"Kijana," Bi Mwatime aliita.

Zaid aligeuka, mkono uko kwenye mlango wa gari.

"Kesho ukifika kwako, piga simu tujue umefika."

"Inshallah, Mama. N'tampigia Nahla nikifika tu."

"Nani kasema umpigie Nahla?" Bi Mwatime alishuka ngazi mbili za baraza. "Nipigie mimi. Andika namba."

Zaid alijipapasa mifuko yote hana karatasi, akatoa kalamu, akakunjua kiganja chake. Na Nahla, amejishikiza kwenye fremu ya mlango kwa mikono miwili, alimsikia mama yake anaanza kumtajia namba moja moja, polepole, asikosee hata moja.